Madam wa Hesabu na Kompyuta ya Bata

Wapo watu ukiwakumbuka unatabasamu peke yako njiani. Mimi nikimkumbuka Madam wa Hesabu nakaza meno. Miaka yote niliyofundisha naye pale Mpanda nilikuwa nimemkasirikia yeye, au nimekasirika kwa ajili yake, na siku nyingine yote mawili kabla ya chai ya saa nne.

Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Walimu wengine wa kike tulikuwa Madam fulani na Madam fulani. Yeye alikuwa Madam tu, kana kwamba sisi wengine tumeazima cheo kwake. Naye hakutuita kwa majina, alituita kwa masomo yetu. Mimi nilikuwa Jiografia. "Jiografia, una chumvi?" alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua wa mabua uliotenganisha nyumba zetu kule Misunkumilo. Chumvi ukimpa hakuirudisha, na ukimkumbusha alikuuliza kama umeletwa duniani kulinda chumvi.

Alikasirikia kila kitu. Alikasirikia chaki inayokatika, mvua inayonyesha upande mmoja wa barabara, treni ya Tabora inayofika siku inayotaka yenyewe, na jenereta ya mji iliyozimika kila anapochomeka pasi. Jumapili moja kanisani mhubiri alisema maskini avumilie, thawabu yake iko mbele. Madam alinyanyuka kwenye benchi la pili, akatoka nje mbele ya watu wote. Wakati wa komunyo akarudi, akapokea, akainamisha kichwa kama malaika, akatoka tena. Nilipomuuliza jioni, alisema Yesu hakumkosea kitu.

Darasani hakushika fimbo. Enzi zile mwalimu asiye na fimbo alionekana kama polisi asiye na kofia, lakini yeye alisema fimbo ni ya mtu aliyeishiwa maneno. Yeye hakuishiwa. Mwanafunzi akisema, "Madam, hesabu hii imekataa," alisimama nyuma yake na kunguruma: "Hesabu haina mdomo wa kukataa. Wewe umeuliza vibaya. Uliza tena!" Wapo walioomba wachapwe yaishe. Wapo pia ambao leo ni wahandisi, nao wakikutana wanasimuliana matusi yake kama watu wanaosimuliana sikukuu.

Nisimpambe. Alikuwa na dhuluma zake. Mwaka mmoja mahindi yake yaliliwa yakiwa machanga, naye akaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake jirani na shamba. Alimtukana mbele ya wake zake na wajukuu. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mwalimu, ng'ombe wangu wana kwato. Hapa naona mtu kachimba kwa pua." Walikuwa nguruwe pori. Alama zao zilikuwa wazi hata kwa mtoto. Madam aligeuka akaondoka. Baada ya mavuno alimpelekea yule mzee debe la mahindi, akaliweka mlangoni, akaenda zake bila neno. Mimi nilikuwepo. Nikamwambia, "Dada, neno moja tu la samahani lingetosha." Akanijibu kwamba debe ni zito kuliko neno. Sikuzungumza naye wiki ile nzima. Mpaka siku ile neno samahani nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake, na hilo likumbukeni, kwa sababu ndilo neno alilokuja kulidai kwa mtu mwingine mpaka likamharibia kazi.

Pale shuleni palikuwa na mhudumu wa maabara aliyeitwa Nestori. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi kwa wazazi kutoka Burundi, akaoa binti wa Kibende na kuhamia Kabungu kwa wakwe zake. Alikuja kazini kwa baiskeli. Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kirundi, na wanafunzi walimwiga. Madam hakumpenda hata kidogo. Aliwahi kumkuta anawashia jiko kwa spiriti ya maabara, na tangu siku hiyo wakipishana walitazamana kama paka. "Yule bwana," alizoea kuniambia, "hata maji anayamwaga vibaya."

Kompyuta ililetwa na kijana wa Kizungu aliyejitolea kufundisha kwetu kwenye miaka ya tisini na kitu, mwishoni mwishoni. Ilikuwa ya kukunja, ya kijivu, nzito kama tofali la kuchoma. Juu ya kifuniko kulikuwa na picha ya pengwini, ndege ambaye hakuna mtu wa Mpanda aliyewahi kumuona, kwa hiyo wanafunzi wakaiita kompyuta ya bata. Yule kijana alitueleza kwamba ndani yake kuna mfumo uitwao Linux, wenye nembo ya ndege huyo, ambao umeandikwa na watu wengi na kutolewa bure, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Wengi wetu tulipiga makofi ya adabu. Madam aliuliza, "Yeyote? Hata mimi?" Akaambiwa hata yeye. Hicho ndicho kitu pekee kutoka ng'ambo nilichowahi kumsikia akikisifu.

Kijana alitumia kipanya cha nje, chenye waya uliochomekwa nyuma ya mashine. Alipoondoka aliisahau kompyuta makusudi, kama zawadi, ila kipanya alikibeba kwenye begi pamoja na soksi zake. Hatukujali, kwa sababu chini ya vitufe kulikuwa na kibao kidogo laini ambacho tuliambiwa ukikipapasa kwa kidole mshale unatembea kwenye kioo. Tulikiita kipapasio.

Mkuu wa shule, mtu wa tai na manukato, aliamua kuionyesha mashine hiyo kwa wajumbe wa bodi. Aliiweka mezani kwenye kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Akaiwasha, ikawaka. Akapapasa. Mshale haukusogea. Akapapasa kwa vidole viwili, kwa kiganja, akafuta kwa leso, akapapasa tena. Mjumbe mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoponza watu.

Akaitwa fundi wa redio kutoka sokoni. Fundi alifungua skrubu, akachungulia, akaona nafasi tupu pembeni, na kwa kuwa lazima fundi aseme kitu, akasema, "Hapa kuna kifaa kimetolewa." Nani ana ufunguo wa stoo ya maabara, ilikotunzwa mashine? Nestori. Nani anapita stesheni kila siku, wanakoshukia wafanyabiashara? Nestori. Mkuu alimsimamisha mbele ya paredi asubuhi, wanafunzi wote wakiwa mstarini, akasema, "Mmemuona mwizi. Hawa watu tunawapokea, tunawapa kazi, hivi ndivyo wanavyotulipa." Nestori alisema, "Mkuu, mimi sikuchukua kitu." Alisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Akapelekwa mahabusu, akalala huko, akatoka amevimba jicho na hana kazi.

Madam siku hizo alikuwa Tabora kwenye msiba. Aliporudi nilimsimulia uani, na nilitegemea atasema yule bwana alikuwa na tabia mbaya tangu zamani. Badala yake akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu, watu wazima wenye vyeti, aliyekuwa amelifikiria.

"Jiografia, nani aliwahi kukiona hicho kipapasio kikifanya kazi?"

Nikafikiri. "Yule kijana..."

"Yule kijana alikuwa na kipanya. Nani alikiona?"

Hakuna. Hakuna aliyewahi kukiona.

"Sasa mtu ameiba uzima wa kitu ambacho hamjui kama kilikuwa kizima!" Akapiga teke ndoo yangu. Ilikuwa na maji niliyoyabeba toka kisimani.

Akaenda kwa Mkuu kuomba mashine. Mkuu, kwa dharau, akampa: "Chukua, Madam. Kama mafundi wameshindwa, labda itakuogopa." Tukakaa nayo stoo kila siku baada ya vipindi, umeme ukiwepo. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo mimi nilisoma yaliyo kwenye kioo, naye alifikiri kwa sauti na kubonyeza vitufe. Bila mshale, kila kitu kilifanywa kwa kuandika amri. Ndani ya mashine mlikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza, na tuliyasoma kama wanafunzi wa seminari.

Alichogundua kwanza ni kwamba mashine ile inapowaka, inataja kimoja kimoja kila inachokiona mwilini mwake. Inasema nimeona kumbukumbu, nimeona diski, nimeona vitufe. Tulisoma mistari yote. Kipapasio hakikutajwa popote.

"Fundi alikuwa sahihi, basi," nikasema.

"Fundi ni mjinga, na wewe unamfuata. Asiyetajwa si lazima awe hayupo. Mwite Nestori kwenye paredi leo, haitiki. Amekufa?"

Halafu tukakuta sehemu mfumo unapoelekezwa kipanya kiko wapi. Ulikuwa umeelekezwa kwenye tundu la nyuma, lile la kipanya cha yule kijana. Mashine ilikuwa inasubiri kwenye tundu tupu, wakati kipapasio, kwa maelezo tuliyosoma, kinaingia kwa ndani, njia moja na vitufe. Madam akabadilisha mstari ule. Akazima, akawasha.

Mashine ikasema kifaa hicho hakipo.

Nimewahi kumuona mtu akigombana na mume, na mbuzi, na afisa elimu. Sijawahi kumuona mtu akigombana na kitu kama alivyogombana na kompyuta ile. Aliiita mwongo, mbwa, Mkuu wa shule. Akafunga kifuniko, akaondoka, na mimi nikabaki stoo nikiwa na hasira naye, kwa kuwa nilikuwa nimeacha watoto wangu bila chakula kwa ajili ya hasira zake. Nilijiambia kesho siji. Kesho nilikwenda, na nilimkuta amefika kabla yangu.

"Nimeuliza vibaya," akasema, bila kunisalimu. "Nimekuwa namuuliza bata. Lakini kabla bata hajaamka, kuna nani?"

Alimaanisha mashine yenyewe. Kabla ya mfumo kuamka, kulikuwa na dakika ya giza ambapo maandishi meupe yalipita haraka chini ya kioo, yakisema ukibonyeza kitufe fulani utaingia kwenye mipangilio. Sote tuliyaona kila siku na kuyaacha yapite. Alibonyeza. Ukatokea ukurasa wa bluu, wa kizamani, wenye orodha ya viungo vya mashine. Nikasoma kwa sauti mpaka nikafika kwenye mstari unaosema kifaa cha ndani cha kuelekezea mshale.

"Mbele yake kumeandikwaje?"

"Kimezimwa."

"Soma tena."

"Kimezimwa, Madam."

Tukaelewa wote wawili. Yule kijana alikuwa na viganja vikubwa. Akichapa, bila shaka vilikigusa kipapasio na mshale ukarukaruka, kwa hiyo akakizima, akatumia kipanya chake, akasahau. Hakuna aliyeiba. Hakuna hata aliyeharibu.

Madam akageuza mstari ule kuwa *kimewashwa*. Mashine ikaamka upya. Safari hii, katikati ya ile mistari, palikuwa na mmoja mpya, nao ulitaja kipapasio. Aliweka kidole. Mshale ukatembea kwenye kioo, taratibu, kama mjusi ukutani.

Mimi nilipiga kigelegele. Yeye hakufurahi. Uso wake ulizidi kuwa mweusi. "Neno moja," akasema. "Mtu amepigwa jicho kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyejisumbua kulisoma."

Kwenye kikao cha walimu aliiweka kompyuta katikati ya meza na kumlazimisha kila mmoja aguse. Tuligusa mmoja mmoja, kama watu wanaoaga marehemu. Mkuu naye akagusa. Akatabasamu.

"Hongera sana, Madam. Tumshukuru Mungu, mashine imepona."

"Haikuumwa, Mkuu. Ilikuwa imezimwa."

"Vyovyote. La muhimu inafanya kazi."

"La muhimu ni Nestori. Ulimwita mwizi mbele ya paredi. Mwite mbele ya paredi umwombe samahani, na arudi kazini."

Mkuu akafunga kalamu yake. "Mambo ya nyuma tusiyafukue. Nafasi yake imeshajazwa. Na tukianza kuombana samahani na kila mhudumu, shule itaendeshwa saa ngapi?"

Baadhi ya walimu walicheka. Naandika hili nikiwa bado na hasira, kwa sababu nawajua kwa majina, na baadhi yao wanaheshimika sana mjini hapa.

Kila kikao kilikuwa na kipengele cha mwisho, Mengineyo. Tangu siku ile, kila kilipofika, Madam alinyoosha mkono. "Lile la Nestori." Mkuu alisema limepokelewa. Kikao kilichofuata, mkono. "Lile la Nestori." Walimu wakaanza kuguna. Mwalimu wa Historia akamwambia, "Lakini Madam, wewe mwenyewe humpendi yule jamaa!"

"Simpendi," akajibu. "Nani amesema mwizi ni mtu nisiyempenda?"

Mimi nilimuunga mkono, na mwalimu wa Uraia akaniunga, tukawa watatu. Haikusaidia. Kompyuta ikahamia ofisini kwa Mkuu, ikawekewa kitambaa, na ikawa inawashwa wakija wageni. Anapapasa, mshale unatembea, wageni wanasifu maendeleo. Kisha ikaja barua ya uhamisho wa Madam, kwenda shule mpya kando ya Ziwa Tanganyika, ambayo haikuwa hata na paa. Hakwenda. Aliacha kazi aliyoifanya maisha yake yote, akahamia Mwamkulu kulima mpunga. Siku anafunga mizigo nililia kwa uchungu. Yeye alikuwa akimgombeza mwenye mkokoteni kwa kufunga kamba kizembe.

Msimu wa mavuno uliofuata nilikwenda Mwamkulu siku ya Jumapili kununua mchele. Nilimkuta barabarani amevaa gauni lake la kanisani, anasukuma baiskeli ambayo hakujua kuiendesha vizuri. Alikuwa amekonda, jua limemla.

"Jiografia. Afadhali. Kabungu ni njia ipi ya mkato?"

"Kabungu kuna nini, dada?"

"Nimesikia mtu sokoni akisema Nestori kaondolewa kwenye kwaya. Eti mwizi hawezi kuongoza nyimbo. Watoto wake wanaitwa watoto wa kompyuta." Alisema hivyo akiwa ameshaanza kutembea.

Tulikwenda, tukibebana kwa zamu, akinitukana kila tulipoyumba. Ibada ilikuwa karibu kwisha tulipofika. Hapakuwa na padre siku ile, katekista ndiye aliyeongoza, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Nilimuona Nestori benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na mkewe na watoto. Kwaya ilikuwa mbele. Alituona, akatazama chini.

Baada ya matangazo, katekista akasema kwa desturi, "Kama kuna wageni, wasimame wajitambulishe."

Madam alisimama, akapita katikati ya watu mpaka mbele. Hakusema Tumsifu Yesu Kristo.

"Mimi nilikuwa mwalimu wa Hesabu pale mjini," alisema. "Shule yangu ilisema mbele ya watu kwamba Nestori ni mwizi. Ilisema uongo. Kile kifaa hakikuibiwa, kilikuwa kimezimwa na mwenyewe. Mimi nimekiwasha kwa mkono huu, na yule mwalimu pale mlangoni ni shahidi. Mkuu wa shule anajua. Alitakiwa kusimama hapa yeye, na kwa kuwa hana haya, nimekuja mimi." Akageukia benchi la nyuma. "Samahani, Nestori."

Nestori alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso limegusa benchi la mbele yake.

"Nestori!" akaunguruma Madam, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwaamsha Kidato cha Pili. "Simama!"

Na kanisa lote likasimama. Wazee, akina mama na watoto migongoni, kwaya, katekista mwenyewe, wote waliinuka kwa pamoja kama waliosikia Injili.

"Sio nyie!" Alikuwa anatokwa na machozi, na alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumuona. "Nyie kaeni! Nimesema yeye!"

Watu wakakaa, benchi baada ya benchi, mpaka akabaki mmoja tu amesimama kule nyuma, na wote wakageuka kumtazama.